Volti 1,200 Sebuleni kwa Mama

Likizo iliyopita nilirudi Gulwe na vali za aina mbili, nimezifunga ndani ya soksi ili zisivunjike. Nilitaka kumtengenezea mama amplifaya. Mama ni Mgogo anayempenda Hukwe Zawose, na kwa miaka mingi amekuwa akisikiliza zeze na marimba yake kwenye spika ya simu, inayofanya kila kitu kilie kama mbu.

Kwa aliyezaliwa zama za transista: vali ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa, ndani yake mna waya unaopashwa moto mpaka unatoa elektroni. Redio za babu zetu ziliendeshwa nazo. Vali yangu ya kwanza, EL84, inazidi kidole gumba kidogo tu. Ilitengenezwa kwa ajili ya redio na gramafoni za nyumbani, inaridhika na volti 250 hadi 300, na moja hutoa kama wati 5. Ya pili, 813, ni ya mitambo ya kurushia mawimbi. Urefu wake unakaribia chupa ya soda, inahimili volti 2,000, na waya wake wa ndani unakula wati 50 kwa kuwaka tu. EL84 ikiwaka unaona wekundu hafifu. 813 ikiwaka ni taa kabisa, unaweza kuisomea gazeti.

Baba mdogo, fundi redio mwenye kibanda karibu na stesheni, alizitazama zote mbili.

“Sebule ya mama yako ina ukubwa gani?”

“Mita nne kwa tatu, baba.”

“Sasa hilo dude la nini? Unataka kuwatangazia watu wa Kilosa?”

Nilicheka, lakini jibu nilikuwa nalo. Ninasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na muhula uliotangulia nilikuwa nimeandika insha juu ya John Stuart Mill, aliyedai mwaka 1859 kwamba mtu ni mtawala wa mwili wake na akili yake mwenyewe. Hatari ninayoichagua ni yangu. Kanuni za mafundi nilizijua: mkono mmoja mfukoni, viatu vya mpira, usiguse kitu ukiwa na usingizi. Nikachagua 813. Fundi mmoja wa Kariakoo alikuwa ameshanisukia transfoma ya kupandisha umeme wa ukutani, na baada ya kuunyoosha nilipata volti 1,200.

Sauti ilikuwa nzuri, sitadanganya. Mama aliacha kuchambua mchele akakaa. Jioni majirani walikuja, na ninakiri kwamba wengi walitazama zaidi ya kusikiliza, nami nilipenda walivyotazama.

Siku ya nne umeme ukakatika. Vali zikafifia, zeze likanyamaza, nami nikatoka nje kuona kama na majirani wamekatikiwa. Sheria moja kila mtoto wa kwetu anaijua: umeme ukikatika, waya ni kamba tu. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 6, alikuwa ameisubiri nafasi hiyo siku zote nne. Juu ya kichwa cha 813 kuna kofia ndogo ya chuma, na volti zote huingilia hapo, wazi. Mkono wake ulikuwa umebakiza kama shubiri moja Baba mdogo alipomdaka na kumrushia kwenye kochi. Kisha akachukua bisibisi yenye mpini wa plastiki, akaunganisha ile kofia na fremu. Ikalia kama fataki, ncha ya bisibisi ikabaki na doa jeusi.

Umeme ulikuwa bado haujarudi.

Kapasita ya mikrofaradi 100 iliyojazwa kwa volti 1,200 inahifadhi jouli 72, sawa na kilo moja ya sukari inayoanguka kutoka zaidi ya mita 7. Waya wa 813 hupoa upesi, na ukishapoa chaji haina pa kutokea. Dawa yake ni rezista ya kuimwaga taratibu, kitu cha bei ya soda. Nilipanga kuifunga kesho yake.

Mill angenikana, najua. Yeye mwenyewe aliweka mpaka pale mwingine anapoanza kudhurika. Lakini kinachonisumbua si kosa la insha. Sisi tumekulia kando ya reli, na treni hatukuiogopa sana kwa sababu inapiga honi. Tunachokiogopa ni Kinyasungwe, mto unaoweza kufurika Gulwe pakiwa pakavu kabisa, kwa mvua iliyonyesha mbali huko juu. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliikata reli kati ya Kilosa na Gulwe. Mimi nilileta sebuleni hatari ya namna hiyo, inayobaki baada ya chanzo chake kuondoka, nikaiweka mbele ya mtoto ambaye alifuata sheria sahihi.

Wala siwezi kujificha nyuma ya EL84. Volti 300 zinaua pia. Tofauti ni kwamba EL84 ingetosha kwa zeze, na kila volti iliyozidi hapo niliihitaji mimi, kwa ajili ya ule mwanga na yale macho ya majirani. Nilikuwa nanunua sifa, na sehemu ya bei ilikuwa kwenye mkono wa mtoto.

Nimefunga rezista mbili, moja ikifa nyingine ibaki. Nimechora sanduku la bati lenye matundu, ambalo mkono wa mtoto haupiti. Kabla ya kurudi chuoni nilimpelekea dada mchoro, nikamweleza kila kitu, hata zile jouli.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimsuka binti wa jirani.

“Mdogo wangu,” alisema, “hapo unaniomba ruhusa au unanipa taarifa?”