Stelingi Hafi

Wapenzi wa filamu za kikauboi wana kesi moja ambayo haijaisha tangu mwaka 1953. Mwishoni mwa Shane, filamu ya George Stevens, mpiga bastola aliyeigizwa na Alan Ladd anamuua adui ndani ya baa, anajeruhiwa, anaagana na mtoto Joey, kisha anapanda farasi na kuondoka usiku kuelekea milimani. Mtoto anamwita arudi. Hageuki. Mkono mmoja unaning'inia, na njia yake inapita katikati ya makaburi. Filamu inaishia hapo na ubishi unaanzia hapo: yule aliyekuwa juu ya tandiko alikuwa mzima au maiti?

Kwetu, aliyekulia kwenye kibanda umiza cha kutazamia video anayo kanuni ya kulimaliza jambo hili kabla halijaanza: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atafungwa kamba na kutupwa mtoni, lakini picha haitaisha kabla hajarudi kumalizana na adui. Anayesema Shane amekufa, basi, ama hajui picha ama ana roho mbaya. Naipenda kanuni hiyo kuliko maandishi mengi ya wachambuzi, kwa sababu inasema waziwazi jambo ambalo wao hulizungukazunguka. Mtazamaji haingii kwenye picha mikono mitupu. Anaingia na madai. Anataka dunia ya kwenye skrini imtendee haki aliyejitoa kwa ajili ya wenzake, hasa kwa kuwa anajua dunia ya nje haina desturi hiyo.

Lakini swali lenyewe lina jibu? Mtu wa hesabu atasema halina. Shane si mtu, hakuna daktari wa kumpima mapigo ya moyo, wala hakuna bonde la Wyoming ambamo farasi yule anaendelea kutembea baada ya utepe kwisha. Kwa hiyo, atasema, kila mmoja abaki na lake, tukalale.

Hapo nakataa. Wanaosema Shane amekufa wananyoosha kidole: tazama makaburi, tazama mkono, kumbuka alivyomwambia mtoto kwamba aliyekwisha kuua hawezi kulifuta doa hilo. Wanaosema yu hai nao wananyoosha kidole: bado ameketi, farasi anapanda kilima kama anayeongozwa, na adhabu yake ndiyo hiyo ya kuishi bila kwao. Pande zote mbili zimetazama. Sasa aje wa tatu aseme kwamba Shane amekufa kwa sababu filamu zote za zamani huisha kwa huzuni. Huyo amekosea tu, na hata walio upande wake watamwambia anyamaze. Basi yapo maoni mabovu mahali ambapo hakuna jibu moja sahihi, na hilo linanishangaza kila ninapolifikiria. Tumezoea kudhani kwamba kitu ama kinathibitika au ni ladha tu. Ubishi juu ya filamu hauko huku wala kule.

Na wanachogombania si mapigo ya moyo. Wakulima wa bonde lile walimhitaji mtu wa bastola ili waondokane na tajiri wa ng'ombe aliyetaka kuwafukuza. Alipokwisha kuwaondolea, bastola ile ikawa haina mahali pa kukaa. Shane akiwa amekufa, bonde limemzika na hesabu imefungwa. Akiwa hai, kuna mtu mahali fulani ambaye wale watu wema, na kanisa lao na shule yao, wanamdai shukrani wasizoweza kumlipa, maana hawawezi kula naye meza moja. Mimi naona Shane aliye hai ni mzigo mzito zaidi. Sijui kama kibanda umiza kizima kingenielewa, lakini kingekuwa upande wangu.

Watengenezaji wa filamu wenyewe hawakuwahi kuamini kwamba kila mtu abaki na lake. Mwaka 1952 ilitoka High Noon ya Fred Zinnemann. Gary Cooper ni askari mkuu wa mji ambaye siku ya harusi yake anapata habari kwamba jambazi ambaye yeye alimpeleka gerezani anarudi kwa treni ya mchana. Anapita baa, kanisani na majumbani akiomba watu wa kusimama naye. Kila mmoja ana sababu nzuri ya kutotoka. Anapigana karibu peke yake, na mwishoni anaivua beji yake na kuitupa mavumbini. Mwandishi wa filamu hiyo, Carl Foreman, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti wakati filamu ikitengenezwa, na baadaye akahamia Uingereza. Wengi waliuona mji ule kuwa ni Hollywood yenyewe, iliyowaacha wenzake peke yao mbele ya kamati. John Wayne naye aliuona hivyo, na ndiyo sababu aliichukia. (Mwaka 1953 Cooper alipopata Oscar kwa filamu hiyohiyo na hakuwepo ukumbini, aliyepanda jukwaani kumpokelea alikuwa John Wayne, akitabasamu. Watu wana mambo.)

Kisha Wayne na mwongozaji Howard Hawks wakajibu. Rio Bravo, ya mwaka 1959, ina askari asiyeomba msaada. Hawks hakuona ni kazi ya askari anayejua kazi yake kuzunguka mji akiwabembeleza raia. Kinachochekesha ni kwamba askari huyo asiyeomba anasaidiwa na kila mtu: mlevi, mzee kilema, kijana mgeni. Katika High Noon anayeomba hapewi. Mtazamaji mmoja alikerwa na picha ya mwenzake hadi akatengeneza picha nzima ya saa mbili na zaidi kumpinga, na sisi tumerithi zote mbili. Najiuliza kama kuna hoja ya falsafa iliyowahi kujibiwa kwa gharama kubwa namna ile.

Mjadala unaowasha moto zaidi leo ni wa zamani dhidi ya sasa, na hapo mfano wangu ni 3:10 to Yuma, maana hadithi ni ileile ya Elmore Leonard na filamu ni mbili. Dan Evans, mfugaji aliyekaushwa na madeni, anakubali kwa dola 200 kumsindikiza jambazi Ben Wade hadi kwenye treni ya saa tisa na dakika kumi alasiri itakayompeleka gerezani. Kundi la Wade linamsubiri. Katika filamu ya Delmer Daves ya mwaka 1957, Evans ni Van Heflin, mtu yuleyule aliyeigiza baba yake Joey katika Shane. Anafika, Wade mwenyewe anamsaidia kurukia treni, na mvua iliyokosekana filamu nzima inanyesha. Katika ile ya James Mangold ya mwaka 2007, Evans ni Christian Bale. Naye anamfikisha Wade kwenye behewa, kisha anapigwa risasi na kufa mbele ya mwanawe.

Wapenzi wa filamu mpya husema ile mvua ni ulaghai, kwamba maisha hayanyeshi kwa ratiba. Wapenzi wa zamani husema kifo kile ni kiburi cha siku hizi, kudhani kila chenye giza kina kina. Nimezitazama zote mbili zaidi ya mara moja, nami nawapa wazee ushindi, ingawa si kwa sababu yao. Evans wa mwaka 2007 alipoteza mguu vitani kwa risasi ya wenzake, na anataka mwanawe awe na jambo moja tu la kujivunia kuhusu baba. Jambo hilo linagusa, na Bale analibeba vizuri. Lakini filamu hiyo inaogopa kwamba wema wa mtu asiyekufa hautasadikiwa. Inamuua ili atuaminishe. Ile ya mwaka 1957 inathubutu zaidi: mtu anafanya lililo sawa hata baada ya kuambiwa anaweza kwenda zake na fedha atalipwa, na kisha anabaki hai, mkewe akimwona akipita kwenye treni, mvua ikinyesha. Kumwacha mwema aishi ndilo jambo gumu la kusimulia, na yule mtoto wa kibanda umiza, tunayemcheka, amelijua siku zote.

Ila kanuni yake ina swali ambalo mwenyewe haulizi: nani kaamua stelingi ni yupi? Katika The Searchers ya John Ford, mwaka 1956, John Wayne ni Ethan, anayemtafuta kwa miaka mpwa wake aliyetekwa na Wakomanche, na kwa muda mrefu anakusudia kumuua akimpata kwa kuwa ameishi nao. Anapompata, anamnyanyua mikononi na kumrudisha nyumbani. Kwa nini alibadilika, filamu haisemi, na mashabiki wameligombania hilo hadi leo: je, ni filamu ya kibaguzi, au ni filamu kuhusu mbaguzi? Mimi nasema ni zote mbili. Scar, chifu wa Wakomanche, aliigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Berlin, huku Wanavajo wenye ardhi ile ya Monument Valley wakipanda farasi nyuma yake wakijifanya Wakomanche. Wao walikuwepo kwenye picha, na maoni yao hayakuwa sehemu ya mjadala.

Swali la nani mwenye haki ya kusimulia bado lipo: mwaka 2022 mwigizaji Sam Elliott aliilalamikia filamu ya kikauboi The Power of the Dog, akiuliza mwongozaji wake, Jane Campion, mtu wa New Zealand, anajua nini juu ya magharibi ya Marekani, tena Montana yake kaipiga picha hukohuko kwao. Baadaye aliomba radhi. Radhi ama la, ajibiwe kwa historia ya filamu hizi. A Fistful of Dollars ya mwaka 1964 iliongozwa na Mwitaliano, Sergio Leone, ikapigwa Hispania, kwa hadithi iliyofuata Yojimbo ya Mjapani Akira Kurosawa hadi wakafikishana kwa wanasheria, na Kurosawa mwenyewe alikuwa amemhusudu Ford. Ndani ya filamu hiyo ya Leone hamna Mhindi Mwekundu hata mmoja wa kupigwa risasi. Mwaka 2021 ilitolewa ikiwa imeingizwa sauti kwa Kinavajo, na Wanavajo wakaketi kuitazama, stelingi wake, Clint Eastwood, akizungumza lugha yao, wakiwa na uhuru wa kusema kama imewafurahisha au la.