Jina la Kupanga na Kukosa Jina

Mtu anayesema kwa jina alilojichagulia hajajificha sawa na asiyetaja jina lolote. Jina la kupanga likidumu hujenga historia: hupata heshima, na heshima hiyo huweza kupotea. Asiye na jina hana cha kupoteza.

Mnero, misheni ya kusini mwa Tanzania iliyolelewa na wamisionari Wabenediktini wa Ndanda, inazijua hali zote mbili. Mtawa hupokea jina jipya anapoingia utawani. Kwa desturi ya Wamwera wa huko, kijana naye hutoka jandoni na jina jingine, na kumwita kwa lile la utotoni ni kumvunjia heshima. Hapo jina jipya huongeza wajibu. Kitubio ni kinyume chake: kanuni ya 964 ya Sheria za Kanisa za 1983 inataka viwepo viti vyenye wavu kati ya muungamaji na padri, kwa anayevitaka, na kanuni ya 983 inakataza kabisa kumsaliti muungamaji. Usiri huo ni halali kwa kuwa yupo anayewajibika kuulinda.

Swali la nani alindwe akificha jina lake lilifika mahakamani Dar es Salaam Desemba 2016. Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, jukwaa la mtandaoni ambako wanachama huweza kuandika kwa majina ya kupanga, alishtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama. Kukataa huko kulistahili heshima. Mnyonge anayefichua wizi wa mali ya umma anahitaji ngao. Mzushi haistahili, lakini akiandika daima kwa jina lilelile, wasomaji huweza kumkataa bila kujua anakoishi.