Wito ni wa Mzazi, Safari ni ya Mtoto

Ukikaa Kisii kwa muda utaujua msimu wa wageni wa kanisa. Shule za Marekani zikifungwa, mwezi wa saba hivi, utaona gari la kukodi likipita Keroka kuelekea Nyamira, ndani watu wamevaa fulana za rangi moja, nyuma mabegi ya dawa na nguo. Siku hizi hawaji watu wazima pekee. Wanakuja na watoto wao: wa miaka tisa, wa sita, mwingine bado anabebwa mgongoni.

Watu wakizungumzia watoto hao, swali huwa moja: ni salama kweli? Malaria je? Maji? Barabara? Ni maswali mazuri na yana majibu. Kuna neti, kuna tembe, maji yanachemshwa, mkanda wa gari unafungwa. Isitoshe, watoto wetu wanakulia hapa hapa. Mimi linalonisumbua neti haiwezi kulizuia. Mzazi anasema Mungu amemwita. Sawa. Lakini mtoto wa miaka sita hajaitwa na mtu. Ameambiwa tu avae viatu, ndege haisubiri. Je, mzazi ana haki ya kumwingiza mtoto katika wito ambao si wake?

Swali hili lina umri kuliko Kenya yenyewe. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine, ambaye alikuwa mjamzito. Mwezi Julai Rosine alijifungua binti, na siku chache baadaye akafa kwa homa. Mtoto naye akafuata. Mnara wa kumbukumbu yao uko Nyali mpaka leo. Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa mapambano ya injili katika bara hili yameanza.

Simdharau Krapf. Kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1882, ni hazina. Tena mtu aliyezika mke na mtoto mwezi mmoja lazima atafute maana mahali fulani. Lakini maana ile ilikuwa ya baba. Binti yule aliishi siku chache tu, na tayari alikuwa amefanywa ishara ya jambo la watu wengine.

Waliofuata walijaribu njia nyingine. Mwaka 1906 ilianzishwa Rift Valley Academy, ile ya Kijabe, ili watoto wa wamisionari wapate shule. Kwa miaka mingi watoto wadogo waliachwa bwenini huko, wazazi wakaenda kazini mbali. Wapo waliokua wakaikumbuka kwa furaha, wapo wanaoikumbuka kwa uchungu. Kwetu nako misheni zilikuja: Wakatoliki Nyabururu na Waadventista Nyanchwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha Walutheri kutoka Uswidi wakafika Itierio mwaka 1948. Zilituachia shule, hospitali, na Jumamosi ambazo ukitafuta fundi humpati. Kwa hiyo siandiki kama mtu ambaye hakufaidika. Nimesoma katika shule hizo.

Sasa utaniuliza: kwani ni mtoto gani anayeulizwa? Mama anayechuma chai Nyamira humfunga mtoto mgongoni na kuingia naye shambani alfajiri, umande na yote. Mwalimu akipewa uhamisho, familia nzima inahama bila kura kupigwa. Ni kweli. Kulea ni kumbeba mtu katika maisha ambayo hakuyachagua, na hakuna namna nyingine. Ningesema mzazi amwache mtoto nyumbani kwa sababu hajakubali, ningekuwa nimefuta malezi yote.

Kwa hiyo kumbeba si kosa. Ila kuna kumbeba mtoto katika kazi yako, na kuna kumpa mtoto kazi. Yule wa mchuma chai hatakiwi kuwa ushuhuda wa chai. Huyu wa misheni mara nyingi hutakiwa. Yeye ndiye anayepewa mfuko wa switi agawe. Yeye ndiye anayepigwa picha katikati ya watoto wenye vumbi miguuni, picha itakayowekwa kwenye skrini ya kanisa huko kwao. Nywele zake zinavuta umati ambao mahubiri ya baba yake yasingeuvuta. Wavuvi wana jina la kitu kinachofanya kazi hiyo: chambo.

Tena kuna mtoto wa pili katika picha hiyo, yule anayenyoosha mkono. Yeye pia ana miaka sita. Yeye pia hakuulizwa, na mama yake hajui picha imefika wapi. Siku hiyo hiyo wote wawili wamefundishwa somo moja: wewe ni wa kutoa, wewe ni wa kupokea. Hakuna aliyekusudia kulifundisha, lakini watoto hujifunza yale tunayofanya mbele yao.

Jambo hili limenifikia nyumbani. Dada yangu anaishi Minnesota, kama Wakisii wengi. Kanisa lake linapanga kambi ya matibabu Nyamira, naye anataka kuja na wanawe, wa miaka tisa na wa sita. Akanipigia simu: "Wewe uko huko, unaonaje?" Wa kwanza amepewa jina la marehemu baba yetu, kama ilivyo desturi. Yaani atashuka garini na fulana ya misheni, aitwe mgeni, na karibu na hapo kuna boma ambamo jina lake limeandikwa juu ya kaburi.

Tulibishana. Alisema anataka waone watu wanavyoishi ili wajifunze kushukuru. Nikamwuliza washukuru nini, kwamba wao si binamu zao? Akanyamaza kidogo, kisha akanijibu: "Nikiwaacha huku wataijua Kisii kwa simu tu. Afadhali waje na fulana kuliko wasije kabisa." Hilo sikuweza kulipuuza, na bado siwezi. Mtoto anayeachwa nyumbani kwa sababu ya usafi wa hoja ya mjomba wake hajasaidiwa chochote.

Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia 1990 na Marekani haijauridhia mpaka sasa, unampa mtoto haki ya kusikilizwa. Lakini sheria haifiki jikoni kwa nyanya. Huko kuna vipimo vingine. Mtoto huyu anaweza kukataa kuimba na asionekane amemwaibisha Mungu? Anaweza kufungwa mabao na binamu zake? Jirani anaweza kumkemea kama anavyokemea wengine? Kuna chochote atakachopewa yeye? Kama majibu ni hapana, basi ameletwa kama mfanyakazi, hata kama mshahara wake ni sifa.

Pendekezo langu lilikuwa hili. Waje wiki moja kabla ya kambi. Walale kwa magokoro wao, kitanda kimoja na binamu zao, wale kilichopikwa, wachote maji wakitumwa. Siku ya kambi, wakitaka, waje pamoja na hao binamu, bila fulana na bila picha. Dawa zigawe waliosikia wito.

Wiki moja amekubali. Picha amekubali nusu. La fulana bado tunavutana, kwa sababu kanisa limeshazilipia. Juzi alimpa mdogo simu ili anisalimie, naye akawa na swali moja tu: kwa magokoro kuna mbwa? Nikamwambia wako wawili. Akasema basi atakuja. Hiyo ndiyo sababu yake ya kusafiri, na mimi naiona inatosha.