Muvi ya Dola 200 na Deni Langu

Kuna mtu hapa Kakamega ambaye nikimwona mbele yangu, mimi huvuka barabara. Hatujagombana. Anauza mitumba sokoni, ana mtoto wa miaka saba, na mwaka wa 2022 alifunga meza yake siku tisa ili aigize kwenye muvi yangu. Sikumwahidi pesa. Nilimwambia tu, "Hii kitu ikitoka, watu watatujua." Hapo ndipo shida ilipo. Kama ningemwahidi elfu tano, leo ningekuwa nimeshalipa, ama angalau ningejua nadaiwa ngapi.

Muvi haikutoka. Tulipiga picha Ilesi karibu na lile Jiwe la Kulia, tukapiga nyingine msituni, tukapiga moja Khayega siku ya ng'ombe kupigana, ambapo hakuna mtu alitusikiliza kwa sababu ng'ombe ni ng'ombe na sisi ni nani. Kamera ilikuwa ya jamaa anayepiga harusi. Siku ya kumi alipata harusi. Mimi nilikuwa nimeshaacha chuo mwaka wa tatu, nikijiambia sanaa haingoji digrii, na nilikuwa na mdomo. Kazi ya prodyuza, ukiondoa majina makubwa, ni mdomo: kumfanya mtu aone kitu ambacho hakipo, halafu akupe chake ili kiwepo.

Nimerudi kuwaza haya kwa sababu ya Isaac Nabwana, yule Mganda wa Wakaliwood. Kama humjui, muvi yake *Who Killed Captain Alex?* iko YouTube bure na mamilioni wameiona. Anatoka Wakaliga, mtaa wa watu wa kawaida Kampala. Alikuwa akifyatua matofali. Kompyuta alijifunza mwenyewe, akawa anaunganisha mashine kutoka vipande vya zingine zilizokufa. Mwaka wa 2005 akaanzisha kampuni, Ramon, jina aliloliunda kutoka kwa majina ya nyanya zake wawili, Rachel na Monica. Halafu 2010 ikaja hiyo muvi: makomando, genge la Tiger Mafia, kung-fu, helikopta ya kompyuta inayolipua Kampala. Bunduki ni za mbao na vyuma chakavu. Damu mwanzoni ilikuwa ya ng'ombe, baadaye wakageukia rangi ya chakula ndani ya kondomu, inapasuka vizuri. Na juu ya yote hayo kuna VJ Emmie anapiga kelele, anacheka, anakusifia muvi ukiwa ndani yake.

Sisi hiyo ya kelele hatuhitaji kuelezwa. Waliokulia Amalemba ama Lurambi wanakijua kibanda cha video: benchi, giza, kumi bob, na DJ Afro akimpa Mchina kwenye skrini akili za mtu wa kwetu. Wazungu walipoanza kuandika kwamba sauti ya Emmie ni uvumbuzi wa ajabu, nilicheka kidogo.

Kila makala kuhusu hiyo muvi huanza na bei. Inasemekana haikufika dola 200. Nami kwa miaka mingi niliitumia hiyo bei kama mahubiri. Niliwaambia watu wangu, oneni, yule jamaa alifanya na dola 200, sisi tutashindwaje?

Sasa naona hesabu hiyo ina uongo ndani. Dola 200 ni bei ya vitu: kanda, rangi, mafuta, labda chakula. Haina siku za watu. Wale makomando walikuwa majirani, vijana wa mtaa, walimu wa kung-fu, watu waliokuja bila mshahara. Ukizihesabu siku zao kwa bei ya kibarua wa kawaida tu, muvi inapanda bei haraka sana. Muvi ya Hollywood ikianguka, hasara inakwenda kwa studio na mabenki na watu wenye bima. Aliyeshika taa alilipwa wiki hiyo hiyo, chama chake kilihakikisha. Muvi ya mtaa ikianguka, hasara inakwenda kwa aliyefunga meza ya mitumba. Tunaiita muvi rahisi kwa sababu waliolipa hawakuandikiwa risiti.

Kwa hivyo swali langu ni hili, na siulizi kwa ajili ya mtihani. Mtu akikupa nguvu zake bure kwa sababu ameamini ndoto yako, je, kuna deni? Jibu la haraka ni hapana. Alikuja mwenyewe, ni mtu mzima, hakuna mkataba. Rafiki yangu wa boda aliniambia hivyo hivyo: "Bana, si ulimshikia bunduki." Lakini kule kuja mwenyewe kulitoka wapi? Kulitoka kwa mdomo wangu. Nilikaa kwa meza yake wiki mbili nikimpigia hadithi. Siwezi kupanda mti halafu niseme kivuli kilijileta.

Kabla sijaacha chuo tulisomeshwa kidogo habari za Bernard Williams, mwanafalsafa wa Uingereza. Mwaka wa 1976 aliandika kuhusu mchoraji kama Gauguin, mtu anayeacha familia aende mbali kuchora. Je, alifanya sawa? Williams akasema kama kuna kinachoweza kumhalalisha, ni kufaulu kwenyewe, na kufaulu kuna bahati ndani yake ambayo mtu hawezi kuijua siku anapoondoka. Wakati huo niliipenda sana hiyo hoja, ilinifaa. Nabwana alifaulu: mwaka wa 2019 *Crazy World* ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na 2022 Wakaliwood walikuwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta. Kwa hivyo yeye ni shujaa na mimi ni tapeli, na kati yetu ni bahati tu. Kumbe hata utapeli wangu unaweza kusafishwa nikipata bahati kesho.

Siku hizi siikubali. Hebu chukua muvi yangu itoke mwezi ujao na iende Toronto. Yule dada bado alikosa siku tisa. Kufaulu kwangu kunanipa mimi sababu ya kutojuta. Yeye hakumpi kitu, mpaka kuwe na njia ya kumfikia.

Na hapo ndipo Nabwana ananishinda, na si Toronto. Muvi zake zilirudi Wakaliga. Walichapa DVD, na waigizaji wenyewe ndio waliozunguka nyumba kwa nyumba wakiziuza, wakibaki na sehemu yao. Ilibidi waharakishe, kama wiki moja hivi, kabla wezi wa nakala hawajajaza mtaa. Hebu fikiria: unabisha mlango, unamwambia mama fulani nunua, mimi ndiye niliyekufa dakika ya ishirini. Pesa ilikuwa kidogo, sijifanyi vingine. Ila mtu alijiona, na mtaa ulimwona. Na Nabwana mwenyewe alikuwa anaishi hapo hapo. Mdeni ambaye unakutana naye asubuhi akichota maji si sawa na mdeni anayevuka barabara.

Najua kuna linaloweza kusemwa dhidi yake. Jina lililovuka bahari ni lake zaidi kuliko la wale vijana. Kuna watu huko nje wanaoziangalia zile muvi ili wacheke umaskini, na sijui kijana aliyeruka kutoka ukutani kwa ajili ya kicheko hicho aliulizwa lini. Hilo linanisumbua na sina jibu lake.

Kitu kingine ninachokirudia ni kile kisa cha diski. Nakala ya asili ya *Captain Alex* haipo. Kompyuta ya Nabwana ilikuwa na nafasi ndogo, akaifuta ili atengeneze muvi nyingine. Iliyobaki duniani ni ile yenye sauti ya Emmie juu yake. Wapenda filamu wanalia kuhusu hilo. Mimi namwona mtu ambaye kazi yake ilikuwa imeshafika kwa wenyewe, basi akaweza kuiachilia. Mimi sijafuta hata sekunde moja, gigabaiti 41 ziko chini ya kitanda changu, na hakuna aliyewahi kuziona.

Jumamosi iliyopita sikuwahi kuvuka. Alikuwa nyuma yangu kwa duka la M-Pesa.

"Dairekta," akasema. Aliniita hivyo tangu zamani, na sikujua kama ni heshima ama ni matusi. "Ile muvi iliisha?"

Nikaanza maneno. Sauti haikushikwa vizuri, nilikosa mtu wa kuhariri, kulikuwa na hali ya uchumi. Akaningoja nimalize.

"Mtoto wangu ananiuliza kama ni kweli nilikimbia msituni. Anadhani nadanganya. Niwekee tu kwa fleshi."

"Haina sauti, dada. Haijapangwa."

"Mimi nimekuuliza sauti?"

Nikamwambia pia kuhusu pesa, kwamba nataka kumlipa kidogo kidogo, mia tano kwa mwezi, kwa zile siku tisa. Aliniangalia kama mtu anayepima suruali. Akasema sawa, hiyo pia alete, lakini fleshi kwanza. Akanipa yake, ilikuwa kwenye shada la funguo. Ni ya gigabaiti 8. Nimekaa hapa tangu jana usiku nikichagua zipi ziingie, na mpaka sasa nimeweka zote anazokimbia.