Haki ya Mzee Aliyepungukiwa na Akili

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na aali zake na sahaba zake. Ama baadu:

Enyi ndugu zetu Waislamu, katika mtaa wetu alikuwako mzee aliyesali safu ya mbele miaka mingi, hatta ukongwe ukamfika. Akawa husahau rakaa. Tena akawa hutoka usiku wa manane akidai kwamba amesikia adhana ya alfajiri. Wanawe wakamfungia chumbani kwa kuona haya. Vijana wa barazani wakamfanyia mzaha, wakimwuliza leo ni siku gani, na sisi watu wazima tukacheka. Mwenye kuandika haya naye alicheka, Mwenyezi Mungu amsamehe.

Jambo hili Kurani haikulinyamazia. Katika Sura ya Nahli, aya ya 70, na Sura ya Haji, aya ya 5, tumekhubiriwa kwamba miongoni mwetu wako watakaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, hatta mtu asijue kitu baada ya kujua. Na Mtume, sala na salamu zimshukie, alikuwa akijikinga kwa Mola wake na umri huo. Ikiwa yeye alijikinga nao, wewe uchekaye umepewa dhamana na nani?

Wako watu walioishika hadithi nusu. Mtume aliamrisha watu wajitibu, kwa kuwa kila maradhi yana dawa yake, isipokuwa uzee. Basi watu hawa wakimwona mzee ametatizika husema: huyu ana uzee, na uzee hauna dawa, wakamwacha. Hiyo si fahamu. Kilichotolewa ni uzee, si kila ugonjwa umpatao mzee. Huenda mzee aliyekuwa mzima juma lililopita leo haijui nyumba yake, kumbe ana homa, au ana maradhi katika njia ya mkojo, au dawa anywazo zimegongana. Huyo ni wa kupelekwa hospitali siku ile ile. Huenda shinikizo la damu na sukari vimeiharibu mishipa ya ubongo. Huenda ni masikio tu. Na huenda ni huzuni: amefiwa na mkewe, hali, halali, hajibu salamu, nasi twasema amesahau watu. Huzuni ina matibabu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akatenga huzuni ya sababu ijulikanayo na huzuni isiyojulikana sababu yake. Wazee wetu hawakuyapuuza haya.

Mkumbukeni Nabii Yaakub. Alilia juu ya Yusufu hatta macho yakafanya weupe. Aliposema kwamba aisikia harufu ya Yusufu, alikhofu watamdhania kuwa akili zimemtoka kwa uzee. Nao kweli wakamwambia yumo katika upotevu wake wa zamani. Na mwenye haki alikuwa ni yeye mzee.

Ama maradhi yenyewe ya kupotewa na kumbukumbu, ni maradhi ya ubongo, wala si uzee mtupu. Tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyaeleza mwaka 1906 kwa mwanamke asiyefika hatta miaka 60. Mwaka 2021 wagonjwa wa namna hii ulimwenguni walihesabiwa kuwa milioni 57. Dawa ya kuyaondoa haijapatikana, walakini matunzo yako. Kumsomea mgonjwa Kurani ni jambo jema, wala hakuzuii kumpeleka kwa tabibu. Kumtia minyororo kwa mganga si katika Kurani. Na vibaya kuliko hayo, huku kwetu pwani, katika nchi ya Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mtu apotea njia usiku, asubuhi aitwa mchawi!

Na mali yake je? Mauzo, hiba na talaka ya asiye na akili havisihi. Wala katika madhihabi yetu ya Shafi mwana hana uwalii wa mali ya babake kwa kuwa ni mwana tu. Ikiwa hapana baba wala babu wa mzee huyo, wala wasii, amri ni ya kadhi. Basi amshikaye babake kidole gumba akakibandika juu ya hati ya shamba amekula haramu, na waliotia ushahidi wazijua nafsi zao.

Mzee mwenye akili asiyeweza kufunga hutoa kibaba kwa kila siku. Aliyepotewa na akili kabisa hadaiwi saumu wala sala, kwani kalamu imeondolewa kwake. Msimkemee kwa rakaa.

Nasi wanaume twapenda kuisikia aya ya wazazi ikisomwa, kisha kumwosha mzee na kukesha naye twawaachia wake zetu na dada zetu, sisi tukaenda kunywa kahawa. Aliyeamrishwa wema kwa babako ni wewe, si mkeo. Shika zamu yako ya usiku. Akimwulizia mkewe aliyekufa, usimpe msiba mpya kila siku. Mwulize walioanaje, naye atakueleza.

Yule mzee wetu, mwanawe mdogo aliufungua ule mlango. Usiku babake akiinuka, humtilia maji ya udhu, husali naye rakaa mbili chumbani, kisha mzee hulala.