Mwenye Macho Haambiwi Tazama: Je, Muuzaji Hana Lawama?

Wauzaji wa magari yaliyotumika wanaipenda methali hii. Mnunuzi akirudi kulalamika huulizwa: Hukuliona gari? Hukulizunguka? Hukuja na fundi wako? Katika insha hii nauliza kama hoja hiyo inatosha kumwondolea muuzaji lawama. Maoni yangu ni kwamba inatosha kwa yale tu ambayo macho yanaweza kuyafikia.

Hapa Uganda magari mengi huja yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, yakipitia bandari ya Mombasa hadi kwenye yadi za Kampala ambazo sisi huziita bondi. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kuundwa. Hata hivyo, umri na uimara ni vitu viwili. Gari la miaka saba lililogongwa likanyooshwa linaweza kuwa hatari kuliko la miaka kumi na minne lililotunzwa.

Usione vyaelea, vimeundwa. Kwa hiyo mnunuzi ana wajibu wa kuchunguza jinsi kitu kilivyoundwa, asiridhike na mng'aro wa rangi. Alinganishe mwanya wa boneti kulia na kushoto. Atazame kama boliti za milango zimekwaruzwa na spana. Apitishe sumaku juu ya bati, kwani isiponasa huenda chini ya rangi kuna puti. Auvute mkanda wa kiti mpaka mwisho, maana tope la mafuriko hubaki humo. Asome tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Asiyefanya haya yote asimlaumu mwingine kwa kila kitu.

Lakini kuna mahali macho hukoma. Mjomba wangu alichukua mkopo akanunua gari la abiria kumi na wanne. Alikwenda na fundi, wakakagua kila walichoweza kukiona. Miezi mitatu baadaye chuma cha chini, upande wa mbele, kilifunguka palipokuwa pamechomelewa na kufunikwa kwa rangi nzito. Aliyeipaka rangi ile alijua inafunika nini. Mkopo bado unalipwa, na abiria walinusurika kwa sababu tu gari lilikuwa likienda polepole.

Swali hili ni la zamani. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika kitabu kuhusu wajibu, na ndani yake akajadili mtu anayeuza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake. Anawaleta wanafalsafa wawili wa Kistoa. Diogenes wa Babeli anatetea kwamba kunyamaza si kuficha, na kwamba hakuna aliyemlazimisha mnunuzi. Antipater anajibu kuwa kumwacha mtu aingie hasarani huku unaona ni sawa na kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero alikuwa upande wa Antipater, nami pia.

Wapo watakaosema kwamba bei ya chini ndiyo fidia ya hatari. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama pande zote mbili zingeijua hatari yenyewe. Mjomba alilipa bei ya gari zima. Zaidi ya hayo, ukimya unawaumiza hata wauzaji waaminifu. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza kwamba wanunuzi wasipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hutoa bei ya kati kwa yote. Mwenye gari zima huona anapunjwa, akajiondoa sokoni, na mabovu yakabaki.

Wengine watauliza: je, kama muuzaji mwenyewe hajui, kwa kuwa alilinunua mnadani kwa kuangalia picha tu? Basi aseme kwamba hajui. Kutojua si kosa, ila kulisifu gari usilolijua kana kwamba unalijua ni kosa.

Kwa hiyo mzigo una wabebaji wawili. Mnunuzi hubeba kile ambacho uangalifu wa kawaida ungekifichua. Muuzaji hubeba kile anachokijua yeye na ambacho mwenzake hawezi kukiona. Mnunuzi naye anaweza kuuondoa ule ukimya alioutetea Diogenes. Kabla ya kutoa fedha, amwulize muuzaji mbele ya shahidi: "Unajua nini kuhusu gari hili ambacho mimi siwezi kukiona?" Baada ya swali hilo, muuzaji hawezi tena kusema kwamba alinyamaza tu. Atakuwa amesema kweli, au amesema uongo.