Mwuguzi Aliye Masomoni

Mwezi Machi 2020, mara baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, vyuo vikuu vilifungwa, visifunguliwe hadi Juni 1. Hebu tumfikirie mwuguzi wa Mgeta aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam. Amerudi kwao milimani na vitabu vyake, utafiti haujaanza. Kwa mwajiri yuko masomoni, chuoni kumefungwa, lakini majirani wanamwita “Nesi” kama kawaida. Je, wajibu wake uko wapi?

Wako wasemao arudi wodini mara moja, kwa kuwa aliapa. Nami zamani ningesema hivyo. Lakini kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na binti ndiye tegemeo la nyumba. Akiuguza wagonjwa Morogoro mjini, kisha akapanda Mgeta Jumamosi, atamletea nini mama yake mzee? Anayemtuma bila barakoa wala glavu hana haki ya kumwita mwoga.

Utafiti nao una swali lake. Kumwendea mgonjwa anayehema kwa shida na dodoso mkononi, ili wewe upate shahada, si sawa na kumwendea na maji ya kunywa. Dodoso lingoje, hata mwaka ukipotea (na ada ya mwaka si mchezo!).

Akipewa vya kujikinga, naona aende, alale hukohuko mjini, na mama amjulie hali kwa simu. Maharage ya mama tutapalilia sisi majirani.